Bawa Dogo la Chuma

Tarehe 15 Septemba 1864, kwenye mashamba ya Neston Park karibu na mji wa Bath, Uingereza, John Hanning Speke alikuwa akiwinda kware pamoja na jamaa zake. Alifika kwenye ukuta mfupi wa mawe, akaupanda, bunduki ikalia. Marisau yalimwingia ubavuni, na haukupita muda akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kesho yake alitarajiwa kusimama mbele ya wasomi mjini Bath abishane na msafiri mwenzake wa zamani, Richard Burton, kuhusu chanzo cha Mto Naili. Maneno yakawa mengi, na wapo waliosema amejiua ili akwepe mjadala, lakini baraza lililochunguza kifo chake likaamua kwamba ilikuwa ajali. Katika yote yaliyoelezwa, jambo moja dogo limenikaa moyoni: bunduki ile ya fundi Lancaster haikuwa na kinga ya usalama.

Mtu huyu alikuwa amekwisha kutembea kutoka pwani yetu hadi Ziwa Tanganyika, akafika Ziwa Nyanza (Viktoria) mwezi Agosti 1858, kisha akarudi tena mwaka 1860 akiwa na James Grant. Safari hizo zilikatiza Uzaramo, nchi ambayo Kinondoni na Temeke za leo zimejengwa ukingoni mwake. Watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia za miguu: Sidi Mubarak Bombay na wenzake, wapagazi wenye mizigo vichwani, askari waliochukuliwa Unguja, na kila mwenye bunduki alikuwa na mgongo wa mwenzake mbele yake. Vitabu vinamkumbuka aliyekufa ukutani. Mimi nawafikiria waliotangulia mbele ya mitutu ile kwa miezi na miezi, wakitegemea tu kwamba aliye nyuma yao hatajikwaa.

Ukitaka kujua kinga ya usalama ya bunduki, ile ambayo wenye silaha wanaiita sefti, ipo kwa ajili ya nani, tazama jinsi watu wanavyojipanga porini. Mbele anatangulia mfuata nyayo, macho yake yako chini kwenye majani na mavi ya mnyama. Nyuma yake yuko mwindaji. Anayeibonyeza sefti ni wa nyuma. Atakayeumia isipofanya kazi ni wa mbele. Wa mbele hakuichagua bunduki, hakuinunua, hajui lini ilisafishwa, na mara nyingi aliyeibeba ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam siku chache tu zilizopita. Tangu nilipolielewa hilo, siwezi tena kuisoma sefti kama habari ya vyuma peke yake.

Jirani yangu mmoja huku Charambe, ukishapita Mbagala Rangi Tatu, ni bwana nyama mstaafu. Kabla ya kukabidhiwa bunduki ya serikali alianza kwa kufuata nyayo, kwa hiyo amesimama pande zote mbili za mtutu. Anayo bunduki moja ya leseni, ya bolti, yenye mtambo wa Mauser. Siku nilipomwamkia nikamwomba anieleze sefti inavyofanya kazi, hakunitolea bunduki. Alitoka na bolti peke yake, imefungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya mafuta ya cherehani. Bunduki ilibaki ndani, imefungiwa.

"Bunduki ya nini, mwanangu?" akasema. "Unachokitafuta kipo hapa."

Bolti ni kile kipande kirefu cha mviringo chenye mkono, ambacho mpigaji hukiinua, hukivuta nyuma na kukisukuma mbele. Kikirudi nyuma kinatoa ganda lililotumika. Kikienda mbele kinachota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Ndani ya bolti mna pini ndefu na springi yenye nguvu. Bolti inapoinuliwa mkono, mtambo wa Mauser unaivuta pini nyuma na springi inajikunja. Mpigaji anapoisukuma bolti mbele na kuufunga mkono wake, mkia wa pini unakamatwa na jino dogo la chuma lililo chini yake, na hapo bunduki inakuwa imekokiwa. Nguvu yote ya ile springi sasa imeegemea jino lenye upana wa milimita chache. Triga haina kazi nyingine ila kuliondoa jino hilo. Likiondoka, pini inaruka, inagonga fataki kitakoni mwa risasi, baruti inawaka.

Mzee aliiweka bolti kwenye mkeka. Mwishoni kabisa, upande wa mkia, palikuwa na kibawa cha chuma kisichozidi kucha ya kidole gumba, na kilikuwa kimesimama wima. Akanionyesha mkia wa pini: umebaki nyuma, haujaenda mbele, springi bado imejikunja ndani. Akaniuliza triga iko wapi. Nikamjibu iko ndani ya nyumba, kwenye bunduki. "Basi hii pini inashikwa na nani?"

Ilikuwa inashikwa na kile kibawa peke yake. Jino na triga vilikuwa chumba kingine, nyuma ya mlango uliofungwa, na pini bado ilikuwa haiendi popote. Mtu anaweza kusoma kurasa nyingi za maelezo ya ufundi asilione jambo hili kwa uwazi nilioupata pale mkekani. Bawa la Mauser haliliombi jino msaada. Linapoinuliwa, mzingo wake unaurudisha mkia wa pini nyuma kidogo sana, unautoa kwenye jino, na kuanzia hapo mzigo wa springi unabebwa na bawa lenyewe. Ukiivuta triga, unavuta kitu ambacho kimeshaachishwa kazi.

Bawa hilo lina vituo vitatu. Likilala kushoto, bunduki iko tayari kupiga. Likisimama wima, pini imeshikwa lakini bolti inaweza kufunguliwa. Likilala kulia, pini imeshikwa na bolti nayo imefungwa, haiinuki hata ikinaswa na matawi kichakani. Mtu asiyewinda anaweza kuona kituo cha katikati kama anasa. Kwa mfuata nyayo ndicho cha maana kuliko vyote, maana ndicho kinachomruhusu mwenye bunduki kuzitoa risasi zote, moja baada ya nyingine, pini ikiwa bado imeshikwa.

Paul Mauser wa Oberndorf aliukamilisha mtambo huo mwaka 1898, ingawa bawa lenyewe lilikuwepo tangu bunduki yake ya 1871. Na hizo za 1871 nchi hii inazifahamu. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wanabeba bunduki hizo kuukuu za risasi moja moja, za baruti nyeusi iliyotoa moshi na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Aprili 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza. Iliharibiwa kwa mizinga, lakini sehemu kubwa ya shehena iliokolewa, zikiwemo bunduki za kisasa zaidi. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, mwindaji mashuhuri Frederick Selous akiwa kapteni wa jeshi la Kiingereza aliuawa kwa risasi ya mdunguzi. Kaburi lake sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka kwenye pori lenye jina lake.

Vita vilipokwisha, mtambo wa Mauser uliendelea na kazi nyingine. Mafundi wa London walikuwa wameshaujengea bunduki za wanyama wakubwa. Rigby alitoa ya .416 mwaka 1911, ile ya .404 ya Jeffery ikawa bunduki ya kazi ya idara za wanyamapori, Tanganyika ikiwemo. Mabwana nyama walioitwa vijijini kuwafukuza tembo mashambani au kumsaka simba mla watu walikwenda na bawa lile mgongoni mwa bunduki. Na kazi ya simba si hadithi ya zamani: kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani kama Rufiji na Lindi. Kumfuata simba wa namna hiyo ndani ya shamba la mpunga, watu wanne wakiwa kwenye mstari mmoja na majani yakiwafika kifuani, ndiko kunakoonyesha ubora wa sefti kuliko maonyesho yoyote ya dukani.

Bawa lilikuja kupata adui asiyetarajiwa, nayo ni darubini. Watu walipoanza kufunga darubini juu ya mtambo, bawa linalosimama wima likawa linagonga kioo. Winchester ya Marekani, katika Model 70 ya mwaka 1936, ikatumia sefti inayozunguka kwa kulala, na baadaye ikatulia kwenye vituo vitatu vilevile vya Mauser, bado ikiishika pini. Wengine waliona ni rahisi zaidi, na bei yake ni nafuu, kuihamishia sefti chini, kwenye nyumba ya triga. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ufundi uliacha kumfikiria mtu wa mbele.

Anayeishi Mbezi Beach au Mikocheni atanielewa upesi. Mlinzi wa getini anamzuia anayepita getini. Aliyeruka ukuta hakutani naye. Sefti inayofunga triga peke yake ni mlinzi wa getini. Inamzuia mtu anayevuta triga, basi. Bunduki ikianguka, ikigongwa, jino likiwa limechakaa au limejaa vumbi, pini inaweza kuruka bila triga kuguswa, na mlinzi bado amesimama mahali pake. Sefti inayofunga jino imesogea ndani zaidi kidogo. Inayoishika pini yenyewe imelala kwenye mlango wa chumba.

Mfano unaozungumzwa sana duniani ni Remington Model 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962 na kununuliwa kwa mamilioni. Triga yake ilibuniwa na Mike Walker, mhandisi wa kampuni hiyo, na ilisifiwa kwa ulaini. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachojitenga na triga kila bunduki inapopiga, kisha kinarudi mahali pake. Walalamikaji walisema kwamba uchafu au mafuta yaliyoganda yakiingia katikati, kipande hicho hakirudi sawasawa, na siku mwenye bunduki anapoisukuma sefti ili iwe tayari, inalia bila kidole kugusa triga. Kampuni ilishikilia kwa miaka mingi kwamba triga haina kasoro. Kesi zilivutana kwa miongo, mwishowe yakafikiwa makubaliano mahakamani ya kuwabadilishia triga wenye bunduki hizo.

Mimi kilichoniumiza zaidi si triga. Hadi mwaka 1982, sefti ya Model 700 ikiwekwa iliifunga na bolti. Kwa hiyo aliyetaka kuitoa risasi chemba, mtu mwenye nia njema kabisa, amefika kambini au nyumbani na watoto wako karibu, alilazimika kwanza kuiondoa sefti. Njia pekee ya kuutoa ule mzigo ilipita palepale penye hatari. Mauser alikuwa amekwisha kulitatua jambo hilo miaka 64 kabla ya Model 700 kuuzwa, kwa kile kituo cha katikati. Mwaka 1982 kampuni iliuondoa ule ufungaji wa bolti, lakini bunduki zilizotangulia zilikuwa zimeshasambaa, na bunduki haifi upesi. Inarithiwa, inauzwa, inavuka bahari.

Lipo pia jambo la kidole gumba. Bunduki nyingi za Kiingereza na Kimarekani, ukisukuma sefti mbele umeiweka tayari kupiga. Lakini kiwanda cha Brno cha Chekoslovakia kilitoa bunduki nzuri na imara, zilizozoeleka sana kwa wawindaji wa Afrika, ambazo baadhi yake zilikwenda kinyume: mbele ni salama, nyuma ni kupiga. Mtu aliyezoea moja akiazimwa nyingine, gumba lake linafanya kile linachokijua, akili ikiwa kwa nyati. Mzee wangu wa Charambe alikuwa na dawa moja kwa wageni wa namna hiyo: chemba ibaki tupu mpaka mnyama aonekane. Risasi zikae kwenye magazini, bolti iende mbele pale tu inapohitajika. Kelele ya bolti humshtua mnyama mara moja moja, akasema, na mnyama akikimbia atapatikana mwingine kesho.

Wajerumani wa Blaser nao wamefika mahali hapohapo kwa njia ya ufundi. Katika R93, ya mwaka 1993, springi ya pini haikunjwi na bolti. Unaweza kuwa na risasi chemba na springi imelegea, haina nguvu ya kugonga chochote. Gumba ndilo linaloikoki kwa kusukuma kitufe kizito wakati wa kupiga, na usipopiga unairudisha. Naipenda fikra hiyo. Badala ya kuuzuia mkono ulioinuliwa, haikuuinua kabisa.

Dar es Salaam ina namna yake ya kuihujumu sefti. Hewa ya chumvi inayokula mabati ya Kunduchi na nondo za Kigamboni inakula na springi. Mwenye bunduki akiogopa kutu anamimina mafuta kupita kiasi, mafuta yanakusanya vumbi la barabara, na baada ya misimu miwili ya mvua ndani ya nyumba ya triga pamejaa tope jeusi linalonata. Bunduki ya mwindaji mwenyeji inalala kabatini kuanzia Januari mpaka Juni, msimu ukiwa umefungwa, halafu Julai inatolewa na kupelekwa moja kwa moja porini. Wengine humpelekea fundi awapunguzie uzito wa triga ili shabaha iwe nyepesi. Kuipunguza triga maana yake ni kupunguza ile sehemu ndogo ambayo jino linaushikia mkia wa pini, zile milimita ambazo tangu mwanzo zilikuwa chache.

Wakazi wa Temeke tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala Kuu. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba kwa maelfu zikaharibika, na wazazi walizunguka wakiwatafuta watoto waliotawanyika kwa woga. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Bomu la ghalani na bunduki ya kuwindia swala ni vitu viwili tofauti kabisa kwa ukubwa. Lakini waliokufa Mbagala walikuwa kwenye nafasi ileile ya mfuata nyayo: walilala, walipika, walikwenda shule mbele ya silaha ambazo hawakuzimiliki, na usalama wao ulikuwa mikononi mwa watu na vyuma wasivyoviona.

Na silaha ndogo tunazo mbele yetu kila siku. Mlinzi wa benki Mbagala Zakhem, mlinzi wa kituo cha mafuta Mwenge, yule anayesinzia alasiri kwenye kiti cha plastiki bunduki ikiwa magotini na mtutu ukielekea wanakopita wanafunzi. Baadhi ya bunduki hizo zina umri mkubwa kuliko anayezibeba. Ile Lee-Enfield ya Waingereza, wengi wanaiita Mark Four, sefti yake iko ubavuni kushoto, na ikivutwa nyuma inafunga bolti na mkia wa pini kwa pamoja. Ni sefti nzuri ikiwa haijalegea. Nikipita namtazama mlinzi kidole chake kiko wapi, halafu naitazama hiyo sefti kama inaonekana.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imekaza mambo mengi yanayomhusu mmiliki, na mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzipeleka zikahakikiwe. Hilo lilikuwa jambo la heri. Ninachokitaka ni kiongezwe kipimo kimoja kwa bunduki za bolti, leseni inapohuishwa, iwe kituo cha polisi cha Oysterbay au cha Chang'ombe, na kingine cha namna hiyohiyo kwa bunduki za wageni kabla hazijaondoka mjini kwenda Liwale au Rufiji. Hakihitaji mashine wala risasi. Bunduki ithibitishwe kuwa tupu, chemba na magazini, kwa jicho na kwa kidole. Ikokiwe. Sefti iwekwe. Triga ivutwe kwa nguvu, kisha iachwe. Halafu sefti iondolewe bila kugusa triga. Pini ikiruka wakati huo, mlio wake mkavu unasikika chumba kizima, na bunduki hiyo haistahili kurudi mikononi mwa mtu mpaka fundi wa silaha aifungue. Isiporuka, kitako kigongwe kwa nyundo ya mpira na sikio litegwe tena.

Kazi yote haifiki dakika tano. Na ningeomba kwamba, kwa bunduki zinazokwenda porini, mfuata nyayo awepo pale kinapofanyika, na ayasikilize majibu kwa masikio yake mwenyewe kabla hajakubali kutangulia.